Hodi Kwenye Chumba cha Moshi

Karani wa zimamoto alikuwa ameshanirudishia mtungi wangu wa kuzimia moto uliokaguliwa, nami nilikuwa nikiufuta vumbi, pale askari mmoja wa kike alipoingia na kusimama mbele ya mkufunzi wake. Alikuwa ameshindwa mtihani wa vitendo, na asipoufaulu angenyang'anywa cheti cha uokoaji.

"Afande, nimekosa nini?"

"Umesimama mlangoni, mwanangu. Nyumba imejaa moshi, wewe unapiga hodi."

"Nnapiga hodi kila moto. Mtu wa Mji Mkongwe akisikia hodi huitika, hata akiwa karibu kuzirai. Akiitika, nshajua yuko chumba gani."

"Na leo kaitika nani?"

"Hapana mtu, afande. Mmenilazia sanamu la mchanga, nami nikasubiri."

Mkufunzi alijifunika mdomo kwa kofia, mabega yakimtikisika. Kisha akasema taratibu, "Rudia kesho asubuhi. Lakini sanamu ni hilo hilo, halina ulimi."

Askari aliinamisha kichwa, akatoka.

Wasomaji watasema hodi si zana ya zimamoto. Labda. Mimi, tangu mke wangu afariki, bado napiga hodi kwangu, nangoja kidogo, ndipo naingia.

Asubuhi nilikwenda uwanja wa mazoezi, nikamwomba mkufunzi anilaze mimi mahali pa sanamu. Alinitazama, akanipa barakoa. Nililala gizani nikisikiliza. Hodi ilipokuja, niliitika "Karibu" kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika.