Mstari Ambao Mpiga Taipu Hakuupiga

Mpiga taipu wa Igoma hakuaminika hata kidogo machoni pa Mwalimu Tereza, ingawa hakuwahi kumkamata na kosa. Kila alipompelekea kurasa za riwaya yake, mzee huyo aliitikia shikamoo bila kuinua macho, akapuliza vumbi kwenye mashine, akanyoosha vidole vyake virefu kimoja kimoja kama anayejiandaa kukamua ng'ombe. Kisha, kabla ya kupiga hata herufi moja, akazisoma kimya. Hapo ndipo Tereza alipokereka: nani alimtuma asome? Walimu wenzake walikwisha kuilaani riwaya hiyo, ambamo moto umeteketeza dunia na weusi waliosalia ufukweni mwa ziwa wanachagua, kwa rangi ya ngozi, nani apande meli ya mwisho. Alishuku kwamba mzee naye anaichujachuja, neno hapa, neno pale.

Siku ya kuchukua sura ya mwisho alizikagua kurasa palepale, akakuta pengo jeupe la mstari mmoja.

"Nilijua tu! Mzee, umeyameza maneno yangu?"

"Sijayameza, Mwalimu. Nimeyaachia nafasi." Sauti yake haikupanda. "Umeandika machotara watoswe majini. Baba yangu Mhindi, mama Mkerewe. Vidole vimekataa."

"Ni hadithi tu, mzee wangu."

"Basi haitakushinda kuujaza mwenyewe."

Akamsogezea kalamu, akaanza kusafisha herufi za mashine kwa brashi, moja baada ya nyingine, akisubiri. Tereza aliishika kalamu. Mstari aliukumbuka wote, neno kwa neno, na wino ukaanza kumkaukia nchani.