Mabati ya Mama Njoki

Enzi zetu kule Dundori, mtu alijulikana kwa paa lake kabla hajajulikana kwa jina. Nyumba za mabati zilikuwa za mwalimu, mwenye duka, na mzee mmoja aliyefanya kazi reli huko Nakuru mjini. Sisi wengine tulilala chini ya nyasi. Wewe wa rika langu uliyekulia huko juu kwenye ukungu unajua ninachosema. Mvua ndefu ikianza, sufuria zote zinatoka jikoni kwenda kukinga matone, na mama anakusukuma hadi kwenye kona kavu ambayo tayari ina ndugu zako na mbuzi. Asubuhi unaenda shule na sweta inayonuka moshi, viazi vya kuchoma mfukoni vikikupasha mikono. Halafu yanakuja maziwa ya shule, ile pakiti ya pembe tatu, unaifyonza mpaka inalia. Mwanangu Brayo nikimsimulia haya anacheka, yeye ambaye stima ikipotea kidogo tu anauliza kama dunia imeisha.

Aliyetutoa kwenye nyasi ni jirani yetu, Mama Njoki. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili, na hakuwa na cheo chochote. Jumapili moja baada ya ibada aliwasimamisha akina mama nje ya kanisa akawaambia, "Tukingoja wanaume wamalize kufikiria, tutazikwa tukiwa maji maji." Walicheka, lakini Jumatatu walikuwa shambani. Walipalilia viazi vya watu kwa pamoja, walichuma maua ya pareto, waliuza maziwa, na kila walichopata kikanunua mabati. Nyumba moja ikiisha, wanahamia nyingine, kwa zamu.

Mamangu ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Malango yetu yalitazamana, njia ikiwa katikati, na hao wawili wangeweza kusimama pale kila mmoja na ndoo yake mpaka jua lichwe, wakipanga zamu ya nani inafuata.

Siku ya zamu yetu siwezi kuisahau. Akina mama walipanda kutoka senta ya maduka na mabati kichwani, wakiimba, jua likimulika juu yao hata tukashindwa kuwatazama. Harufu ya mbao mpya ilijaa boma. Mama Njoki alipanda ngazi mwenyewe, leso imefungwa kiunoni, akamnyang'anya fundi nyundo kwa sababu, alisema, alikuwa anapiga msumari kama anayebembeleza mtoto. Mvua ya kwanza iliponyesha, Baba alilazimika kupiga kelele ndipo tusikie akiombea githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku. Mama hakula. Alikaa mlangoni akitazama maji yakijaa kwenye pipa, maji ambayo jana yake angeyafuata mtoni. Sisi watoto tukicheza kalongolongo, ule mchezo wa baba na mama, hakuna aliyetaka kuwa mama wa kawaida. Wote tulitaka kuwa Mama Njoki, tukigombania jiwe la kuwa nyundo.

Zamu ya mwisho ilikuwa ya Shosho Wangui, nyanya mjane aliyeishi peke yake ukingoni mwa msitu. Hakuwa amesahauliwa. Yeye mwenyewe aliwaambia, "Wenye watoto watangulie, mimi ni mzee, sina haraka." Mabati yake yalinunuliwa, yakawekwa stoo kwa Mama Njoki yakingoja fundi.

Wakati huo sifa za kikundi zilikuwa zimefika mbali. Wakubwa walianza kuja. Kwanza waliwaomba akina mama waje waimbe kwenye mkutano, halafu waliwashonea sare, halafu lori likawa linawachukua hata ng'ombe hawajakamuliwa. Mama Njoki akapewa kiti mbele. Sitasema hakupendezwa. Nilimwona akirekebisha kitambaa chake kichwani kabla ya kuketi, na mimi mwenyewe nilijivuna, kwa maana alikuwa wetu.

Ndipo mheshimiwa mmoja akatangaza ziara pale uwanjani kwetu. Wageni walihitaji jukwaa lenye kivuli, na vijana wake wakamwambia Mama Njoki awaazime mabati yaliyo stoo. Yangerudishwa jioni hiyo hiyo. Tena mheshimiwa angetuletea mfereji wa maji, kijiji kizima. Mama Njoki alikubali bila kuwauliza wenzake.

Mheshimiwa alikuja, tukampungia bendera, akaahidi maji, tukapiga makofi. Vumbi la magari lilipotulia, vijana walikuwa wamebomoa jukwaa na mabati yamepakiwa kwenye lori. Mama aliliona likishuka kuelekea barabara kuu. Akamwendea rafiki yake katikati ya uwanja, watu wakitazama.

"Mama Njoki, mabati ya Shosho iko wapi?"

"Itarudi. Mheshimiwa ameahidi."

"Sikuulizi mheshimiwa. Nakuuliza wewe."

"Sasa ulitaka nimwambie nini mtu mkubwa kama huyo? Maji ikikuja, si na wewe utachota?"

"Nitachota," Mama akasema. "Na Shosho atalala wapi?"

Mama Njoki aligeuka akaenda zake. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyowasikia wakiambiana.

Mabati hayakurudi. Maji hayakuja. Mama na wengine wachache walikata nyasi wakaziba ziba paa la Shosho, lakini msimu wa baridi ulipoingia kifua kilimkamata, na binti yake akaja kumchukua kwenda kuishi naye Kihoto, Naivasha. Shosho alilia akifunga mlango. Aliporudi Dundori alirudi kuzikwa. Kikundi nacho kilikufa polepole, kama moto usio na wa kuuchochea. Ukipita njiani ungemwona Mama langoni mwake na Mama Njoki langoni mwake, kila mmoja akifagia upande wake. Tulitumwa kukopa chumvi nyumba ya tatu.

Mwaka huu tumemzika Mama Njoki. Nilienda na Brayo, tukaketi chini ya hema na Mama katikati yetu. Msemaji baada ya msemaji alimsifu marehemu, mpaka Brayo akainua macho kutoka kwenye simu akaninong'oneza, kwa ule mnong'ono wa vijana unaosikika hadi barabarani, "Lakini mathe, si huyu ndiye alikula mabati ya shosho flani? Mbona wanamfanya malaika?"

Kabla sijamjibu, Mama alisimama. Hakuwa kwenye programu. Alikataa kipaza sauti.

"Mimi ni jirani yake," akasema. "Watoto wangu walikuwa wanalala na mbuzi. Huyu mama ndiye aliwatoa kwa baridi. Alipanda juu ya nyumba yangu na hiyo miguu yake mirefu, na mimba ya miezi saba, na mabwana zetu wako chini wanashika ngazi." Watu wakacheka. Akangoja wanyamaze. "Na mabati ya Wangui alipeana. Hakuikula. Aliipeana kwa mtu mkubwa kwa sababu alitaka tupate maji, na kwa sababu alikuwa ameanza kupenda kiti. Wangui aliumia. Msiseme hiyo haikufanyika. Na msiseme hakutujengea. Mkimzika, mzikeni mwenyewe, si mtu mwingine."

Akaketi. Njoki mwenyewe, binti wa marehemu, ambaye sasa ni mama mtu mzima, alikuja akamshika mikono yote miwili.

Tuliporudi nyumbani nilimpikia Mama chai. Aliishika tu hadi ikapoa.

"Umesema vizuri," nikamwambia.

"Nimesema nikiwa nimechelewa. Hayo maneno nilikuwa nayo miaka yote. Hata yale ya kumshukuru sikumpa, kwa sababu ya yale mengine."

"Kwa nini hukuvuka njia?"

"Nilikuwa nangoja yeye aanze." Alitazama dirishani, kule ng'ambo ambako bado watu walikuwa wanakusanya viti. "Labda na yeye alikuwa ananingoja."

Siku hizi kijiji chetu kina nyumba za mawe na vigae vyekundu, na kuta zenye vipande vya chupa juu. Brayo na wenzake wana makundi ya simu yasiyohesabika. Wanamhukumu kiongozi mmoja wakinywa chai ya asubuhi, na wa pili kabla kikombe hakijaisha: huyu shujaa, huyu mwizi, basi. Siwalaumu sana, maana sisi tulipiga makofi mahali pa kuuliza, na tulipouliza hatukusemezana tena. Lakini natamani wangewaona wale mama wakipanda mlima na mabati kichwani. Mimi ninaishi mtaa mzuri hapa Nakuru, na jirani yangu wa ukuta mmoja, hata jina lake silijui.