Muhuri wa Karani wa Parokia

Mwaka huu wa 1999, kwa karani wa parokia ya Wametodisti hapa Kamina, karatasi isiyopigwa muhuri haijafika. Barua za familia za askari, ambazo kambi hupitishia kwake, na hata vikaratasi vya maswali ya Biblia vya Alhamisi: anavinyoosha kwa kiganja, anapuliza muhuri, anagonga tarehe. Maswali huyajibu kwa sauti ile ile ya kusomea matangazo. Kaini alimwoa nani? Soma Mwanzo tano, mstari wa nne. Wafu tuwaombee? Sisi hatuombei wafu.

Alhamisi hii mke wa askari mmoja alibaki nyuma ya wenzake.

"Papa sekretere, bwana yangu alienda ku front, sasa miezi munane. Niache kumuombea?"

Karani alifuta miwani, akaifuta tena. "Mama Mwadi, karatasi ya jeshi ilikufikia?"

"Hapana."

"Basi endelea kumuombea. Hapa hakuna kitu yenye ilifika."

Mama alipotoka, karani alivuta mtoto wa meza ili arudishe muhuri. Akauweka taratibu juu ya bahasha ya jeshi yenye jina la Mama Mwadi, iliyokuwa mle wiki ya tatu sasa, bila tarehe.