Shimo Likinyamaza

Bushiri ni chura. Msishtuke, ndivyo tunavyowaita hapa Kariakoo watu wanaotapisha vyoo vya shimo kwa ndoo na koleo, kwenye nyumba ambazo gari la maji taka haliwezi kupenya uchochoro wake. Ana miaka hamsini na moja, na ishirini na mitatu kati ya hiyo ameimaliza kwenye uchafu wa watu wengine. Watu hao hao, akipita na mkokoteni wake, huziba pua kwa khanga kana kwamba kilichomo kwenye mapipa si chao. Wanafiki wakubwa. Choo kikifurika ndipo anapokuwa Kaka Bushiri, tena kwa sauti ya asali.

Kazi alifundishwa na mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani, sasa marehemu, aliyemwachia na kanuni yake: shimo likinuka, ngoja, likinyamaza, shuka. Wakishalivunja mfuniko humwagia mafuta ya taa, wakakaa pembeni, na harufu ikipotea wanajua mafuta yamefanya kazi. Kumbe wapi! Hewa ya mle ndani ikizidi ubaya huiua pua kwanza, kisha humuua mwenye pua. Hilo hakuna aliyemwambia Bushiri miaka yote hiyo, naye alikuwa akitoka salama, basi akaamini.

Jumanne moja alikuwa uani kwa Bi Shamsa, nyumba ya urithi nyuma ya maduka ya spea, pamoja na Vitalis, mtu wa Masasi aliyekuwa akifanya naye kazi mwaka wa sita sasa. Kufika saa nne asubuhi maji yote walikuwa wameshayavuta kwa ndoo. Lilibaki tope zito la chini, ambalo lazima mtu ashuke alichote, na zamu ilikuwa ya Vitalis. Harufu iliyowakimbiza wapangaji tangu asubuhi ilikuwa imekatika ghafla. Bushiri aliinama mdomoni mwa shimo akanusa mara tatu, hakusikia kitu. Akamwambia mwenzake ngazi iko tayari.

Vitalis akasita. Alisema kichwa kinamzunguka tangu walipovunja mfuniko, akaomba wangoje mpaka adhuhuri ipite. Bushiri alikuwa na haraka, wapo watu wengine Mnazi Mmoja waliokuwa wanamsubiri, na mdomo wake siku zote huwa mwepesi.

"Kama unaogopa," alisema, "nikamwite Evarista aje ashuke yeye."

Evarista ni mke wa Vitalis. Wapangaji waliokuwa wakichungulia mlangoni wakacheka. Vitalis naye akacheka, kicheko cha mtu aliyeaibishwa mbele za watu, akachukua koleo akashuka.

Hakujaza hata ndoo moja. Walisikia koleo likianguka, basi. Bushiri aliita, akaita tena, akachungulia, akauona mgongo wa mwenzake umelala kwenye tope.

Haruna, mjukuu wa Bi Shamsa, kijana mwenye nguvu zake, alivua ndala akataka kuruka ndani. Bushiri alimkamata shingoni akamtupa nyuma, akamwambia akishuka hivyo watatolewa maiti wawili. Watu wakaanza kupiga kelele kwamba anamwacha mwenzake afe. Alifungua kamba ya ndoo akajizungushia kiunoni, na tusidanganyane, alikuwa anaogopa. Fundo lilimshinda, akafungwa na Haruna. Bi Shamsa alikata kamba yake ya kuanikia, nguo za watu zikaanguka chini, akampa hiyo ya kumfungia Vitalis.

Bushiri alibana pumzi akashuka. Alimpapasa mwenzake, akampitishia kamba chini ya kwapa moja, kabla hajafika la pili kifua kikamshinda. Akaitikisa kamba yake, wakamvuta. Alilala kwenye sementi akitapika, macho hayaoni vizuri, kichwa kinagonga. Bi Shamsa alimsihi inatosha, baba, zimamoto wameshapigiwa simu. Mara ya kwanza alishuka kwa kukisia tu kilichomo mle. Sasa anajua. Akashuka.

Mara hii alifunga. Walimvuta Vitalis kwanza, kisha yeye. Wakampakia mwenzake kwenye bajaji mpaka hospitali, na huko daktari alimgusa kidogo tu, akasema huyu alifariki kabla hawajamtoa.

Evarista alikuja mbio kutoka kwenye kibanda chake cha mama lishe, unga bado mikononi. Njiani watu walikuwa wameshamsimulia kwamba mumewe amekufa, na kwamba Bushiri alishuka mara mbili kumtoa. Hakumwendea daktari. Alipiga magoti mbele ya Bushiri aliyekuwa ameketi kwenye benchi, akamshika mikono miwili, akalia.

"Shemeji, Mungu akulipe. Umenitolea mume wangu."

Watu waliowasindikiza wakaitikia, wengine wakimwita mwanamume kweli kweli. Angenyamaza tu, nani angemsuta? Wapangaji walikuwa wameshasahau walichokicheka. Bushiri alimtazama yule mama na unga wake mikononi, akaona aibu iliyomchoma kuliko hewa ya shimo.

"Aliomba tungoje," alisema. "Mimi nikamcheka mbele za watu, nikamtajia jina lako. Ndipo akashuka."

Evarista alimwachia mikono. Alikaa chini sakafuni, akifuta unga kwenye khanga yake taratibu, kidole kimoja kimoja, kisha akasimama.

"Wanangu wanatoka shule saa nane," alisema. "Twende. Utawaambia wewe mwenyewe, hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

Bushiri alijaribu kusimama, kichwa kikamzunguka, akakaa tena. Evarista hakumshika mkono wala hakumwacha. Alimsubiri mlangoni mpaka akasimama.