Taa ya Kichwa cha Treni

Harufu ya lehemu ikiyeyuka hunitoa machozi, na si kwa ajili ya moshi. Leo maabarani, mwalimu wa fizikia alipogusisha pasi ya kulehemu kwenye waya, ilibidi nitoke nje. Wenzangu walidhani tumbo linaniuma. Nyinyi nawaambia kweli.

Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa kisiwani Nosy Be, Madagaska, na uhuru ulikuwa mpya kiasi kwamba bendera ya shule ilikuwa haijapauka. Wazungu walikuwa wanafunga mizigo. Mmoja wa huku Mahajanga, ninakosoma sasa, aliacha sanduku la treni za kuchezea, zile za umeme zinazokimbia juu ya vireli vyembamba, na mwenye duka la redio akazinunua zizunguke dirishani ili wapita njia wasimame. Zote zilikuwa nzima, ila kichwa kimoja cha kijani, kizuri kuliko vyote, kilikimbia bila taa ya mbele. Mwenye duka akakituma kwetu kwa mkono wa binamu yake Mama, na maneno haya: fundi akiiwasha taa, akilete mwenyewe, kazi ya dukani ni yake.

Fundi ni Baba. Alikuwa anatengeneza redio barazani kwetu tangu kiwanda cha sukari kilipomwachisha kazi, jambo ambalo hakutuambia sababu yake. Mama alifurahi mpaka akawagawia majirani kuku wake wote, maana tungehamia Mahajanga, waliko dada zake.

Siku tatu Baba hakukiachia kile kichwa. Kwanza alichomoa balbu, ndogo kama punje ya mchele, akaiunganisha na betri, kisha akaigusisha kwenye mdomo wake wa juu.

"Ina moto," akasema. "Si yeye mwenye kosa."

Akasafisha magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti, kwa sababu treni hizi hupokea umeme kutoka kwenye reli kupitia magurudumu. Bado. Ndipo akaanza kupapasa ndani, polepole, mpaka vidole vikakuta waya mwembamba kama unywele umekatika. Akaulehemu, pua yake karibu inagusa chuma.

"Baba, unakinusa?" nikamcheka.

"Nakinusa, mama. Kinanuka Mahajanga."

Aliungua vidole mara mbili, hata ah hakusema.

Alasiri ya siku ya tatu akarudisha kifuniko, akakaza skrubu nne, akakiweka kichwa kwenye kipande cha reli, akawasha. Nje wasichana walikuwa wanaruka kamba.

"Hebu nitazamie. Inawaka?"

"Unakuja au tuanze?" Fatuma, jirani yetu, akapiga kelele.

Mguu wangu mmoja ulikuwa nje tayari. Mimi nina haraka tangu kuzaliwa.

"Inawaka, Baba."

"Tazama vizuri."

"Si nimeshasema inawaka!"

Akacheka, akakifunga kichwa kwenye shuka lake la Ijumaa.

Kwenye meli alinichukua mimi. Niliringa, nyie! Fatuma aliona wivu mpaka akaninunia. Tuliposhuka Mahajanga Baba aliniwekea mkono begani, hakuutoa mpaka dukani. Nilidhani anaogopa nisije nikapotea.

Mwenye duka alitupokea vizuri, akatuletea chai. Wateja wakasogea. Baba akapapasa reli, akakiweka kichwa sawasawa, akawasha, na kile kitu kikaondoka kwa mlio mtamu, kikazunguka, kikarudi.

"Na taa, fundi?"

"Si hiyo inawaka," Baba akasema, anatabasamu.

Watu wakatazamana. Kijana mmoja wa dukani akaropoka, "Mzee, yako inawaka kwa ndani?" Wengine wakacheka. Mwenye duka hakucheka. Alinyoosha mkono mbele ya uso wa Baba, akaupunga taratibu, huku na huku. Baba akaendelea kuitabasamia treni.

"Binti," akaniuliza kwa Kimalagasi, sauti ya chini, "baba yako anaona?"

Baba akasikia, na tabasamu likamtoka.

Yule kijana akafungua skrubu, akausogeza waya uliokuwa umebanwa na kifuniko. Taa ikawaka, ya njano, nzuri sana. Haikumchukua hata dakika mbili.

"Umelehemu vizuri mno, fundi," mwenye duka akasema. "Lakini kazi yangu inataka macho."

Nyumbani Baba alimwambia Mama, "Duka lile halikunifaa." Basi. Jina langu hakulitaja, wala hakunigombeza, nami nikahesabu kwamba yamekwisha. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa: siku ile aliponiomba nimtazamie, alikuwa ananipa siri ambayo hata Mama hakuwa nayo.

Sasa nasoma huku Mahajanga, nakaa kwa mama wadogo, na likizo narudi Nosy Be. Baba haoni kabisa. Akitaka kujua kama shati lake lina doa, au kama mawingu yamejikusanya, anamwita mdogo wangu Zaina, aliyezaliwa baada ya safari ile, mtoto ambaye hatulii hata kidogo. Likizo iliyopita nilikuwa nimekaa na Baba barazani, magoti yetu yanakaribia kugusana. Akashika shati lake la kwendea msikitini, akaita, "Zaina!" Zaina alikuwa kisimani. Nikasema, "Baba, nipo mimi."

"Najua, mama," akasema kwa upole, akalikunja shati mapajani, akamngoja Zaina.