Nilichomelea kiti cha gari la drag juu ya kutu, rafiki yangu hatembei tena

Wakuu, salaam kutoka Singida.

Humu nimezoea kusoma tu na kujibu maswali ya magari. Leo nina langu. Nitalieleza lilivyotokea, pamoja na sehemu inayoniaibisha, maana nikiiruka hiyo hakuna sababu ya kuandika.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Mnyiramba wa Iguguno, nipo Singida Mjini siku nyingi. Rafiki yangu nitamwita Imran. Kwao ni Wahindi Waislamu, wana duka la spea hapa mjini tangu enzi za babu yake. Tulijuana kaunta, akinibishia kwamba beringi ninayotaka siyo ya gari nililotaja. Na kweli haikuwa. Kwa injini, yule jamaa sijaona wa kumfikia.

Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja: drag. Kwa wasiojua, ni magari mawili kwenye barabara iliyonyooka, wa kwanza kufika mwisho kashinda. Basi.

Tukapata Toyota GX100 iliyotelekezwa nyuma ya gereji, kuku wanatagia ndani. Tukaivuta hadi uani kwangu, na kila Jumapili ikawa ni hiyo tu. Tuling'oa viti vya nyuma, kapeti, AC, spika, kila chenye uzito. Imran akafungua injini yote akairudisha. Siku ilipowaka tulikumbatiana kama watu waliopata mtoto.

Mimi nilishika bodi. Kiti cha racing kilitushinda bei, nikaunda cha kwangu kwa mabomba.

Sasa sikilizeni hapa.

Chini ya kapeti, upande wa dereva, nilikuta sakafu imeliwa na kutu. Ilitakiwa nikate, niweke bamba jipya, ndipo nifunge kiti. Kazi ya siku nzima, na kesho yake ndiyo tulipanga majaribio. Nikachomelea miguu ya kiti juu ya ile kutu, nikapaka rangi nyeusi.

Imran akauliza, "Sakafu iko poa?"

Nikamjibu, "Iko poa, kaa."

Akakaa. Hakuangalia chini.

Tulienda barabara ya vumbi ya mashambani kule kwetu Iguguno, imenyooka, alizeti pande zote mbili. Saa nne asubuhi, hakuna mtu njiani. Mara ya kwanza aliondoka taratibu, akarudi anacheka. Mara ya pili akasema anaikanyaga yote.

Gari lilichomoka vizuri. Halafu nikaona kichwa chake kimepotea dirishani, kama mtu aliyelala. Miguu ya mbele ya kiti ilikuwa imeng'oka, kikaanguka naye nyuma, mikono yake bado imeng'ang'ania usukani. Gari likakata kushoto, likapiga karavati, likabiringika ndani ya alizeti.

Nilikimbia. Alikuwa macho. Akaniambia, "Siisikii miguu." Nikanusa petroli, nikaogopa moto, nikamvuta kupitia dirishani. Hadi leo sijui kama nilimwokoa au nilimmalizia.

Ni uti wa mgongo, wakuu. Alilazwa hapa, akahamishiwa mkoa mwingine, akarudi kwao kwenye kiti cha magurudumu.

Mimi wiki ile ile nilikata gari vipande, nikapeleka chuma chakavu. Watu walidhani ni uchungu.

Imran hakujua kilichompata. Ilikuwa haraka mno. Alijiaminisha kwamba alichanganyikiwa, mguu ukaenda kwenye mafuta badala ya breki. Alimwambia hivyo kila aliyekuja kumjulia hali. Alimwomba mama yake msamaha mbele yangu, na mimi nikaendelea kunywa chai.

Miezi minane.

Alasiri moja tuko wawili barazani kwao, akasema, "Hata wewe nisamehe, kaka. Nimekuharibia gari."

Hapo nikashindwa. Nikamweleza yote.

Akauliza, "Kutu uliiona?"

"Niliiona."

"Na mimi nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Miezi minane namlilia mama kwamba ni ujinga wangu. Na wewe umekaa hapa unanisikiliza." Akageuza kiti chake. "Nenda nyumbani."

Nikaenda. Simu zangu hapokei.

Juzi nilikwenda dukani kwao, kuna spea niliitafuta na sikuwa na pengine pa kuipata. Mzee wake alikuwepo. Nikampa shikamoo, akatoka nyuma ya kaunta akanishika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye uliyemtoa mwanangu mle ndani," akasema. "Mbona huji nyumbani siku hizi?"

Imran hajamwambia.

Nilisema kazi zimebana. Nikatoka bila kununua kitu, nikakaa kwenye pikipiki muda mrefu kabla ya kuiwasha.

Nilichojifunza: mnaounda magari majumbani, punguzeni uzito popote, lakini kiti, mkanda na sakafu msiviguse kwa haraka. Na ukikosea, sema siku ile ile. Kuchelewa kwangu kumemuumiza Imran mara ya pili, na safari hii hakukuwa na kutu ya kusingizia.

Naombeni mawazo. Niende kwa mzee nimwambie, au hilo sasa ni la Imran kuamua? Mwenye tusi naye aliweke tu, nitasoma yote.