Wimbo wa Siku ya Kufungua Shule

Nilisoma hadi darasa la tatu tu, kwa hivyo nitasema bila kuzunguka. Wifi yangu aliuawa na mwenyekiti wa kamati ya shule, na fundi, ndugu wa mke wake, alimsaidia.

Wafadhili walileta simiti ya kujenga shule. Sisi wanawake tulibeba mchanga kutoka mtoni, kila boma na zamu yake. Simiti ilishushwa shuleni, halafu ikapanda pikipiki kwenda Mitunguu, mwenyekiti alikokuwa akijenga nyumba. Ukuta wetu fundi akaujenga kwa mchanga na udongo. Ulituangukia tukipumzika kivulini mwake. Mimi nilitolewa na mguu huu usiokunjika. Wifi yangu alitolewa amefunikwa leso.

Mwenyekiti aliwaambia wafadhili ni mvua. Wakamwamini, wakaleta simiti nyingine. Matangani alituongoza kwa maombi, na mimi nikaketi hapo nikitaka kitu kimoja tu: atajwe mbele ya watu wote, akiwa amesimama hapo akisikia.

Kwetu mgeni hupokewa langoni kwa wimbo. Anayeanzisha ndiye anayetunga maneno, wengine wanaitikia. Tangu ujana wangu anayeanzisha ni mimi. Siku ya kufungua shule mwenyekiti akanijia amevaa suti yake.

"Mama, leo utuimbie vizuri. Wageni watapiga picha."

"Usijali, mwenyekiti. Utaupenda."

Nikaimba kwa Kimeru. Nilimtaja jina, nikataja na la baba yake. Nikaimba simiti ilikoenda, na nani alikuwa chini ya ukuta. Halafu mama mkwe wangu, aliyemzaa marehemu, akaitikia peke yake, kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Ndipo wote wakaitikia, miguu ikatimua vumbi.

Mgeni mmoja, mama wa kizungu, akamuuliza mwenyekiti tunasema nini.

"Wanashukuru kwa simiti," akajibu.

Yule mama akapiga makofi, akaomba turudie. Tukarudia, tukimzunguka mwenyekiti, si wageni, na hatukumwachia pa kupitia.

Hajashtakiwa. Nyumba yake imesimama. Lakini watoto wa ile shule huuimba wimbo huo wakati wa mapumziko, jina lake likiwa ndani. Juzi, nasikia, mjukuu wake mwenyewe aliuimba pale nyumbani akiosha vyombo. Nilicheka hadi mguu ukauma.